Maswali na majibu: Kula Saigon usiku, nyuma ya pikipiki

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: zile ziara za usiku za Vietnam ambapo dereva anakufuata hotelini, anakupakia nyuma ya pikipiki na kukuzungusha kwa mama ntilie wa huko kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Majibu mengi yanahusu Jiji la Ho Chi Minh. Wenyeji wake bado wanaliita Saigon, nami nitaliita hivyo.

Kampuni moja inatangaza vyakula 13, nyingine vyakula 8 kwa muda uleule na bei yake iko juu. Kwa nini nilipe zaidi nile kidogo? (Msomaji, Arusha)

Hutakula kidogo. Shika kalamu. Ziara ni dakika 240. Kukuchukua hotelini na kukurudisha ni kama dakika 40. Vituo vitano, na kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo wa dakika 10 hadi 15: karibu saa nzima imekwenda. Toa tena muda wa kuegesha, kuvua kofia na kungoja chakula kitoke motoni. Unabakiwa na saa mbili hivi za kukaa kwenye kistuli cha plastiki. Zigawe kwa 13, unapata dakika 9 kwa kila chakula. Sasa bánh xèo, ile chapati nyembamba ya unga wa mchele na manjano yenye kamba, nyama na chipukizi za choroko, inataka kukatwa kipande, kufungwa ndani ya jani la haradali pamoja na mrehani na nanaa, kuchovywa kwenye sosi na kuliwa ingali inakwaruza meno. Ikipoa inalegea. Dakika 9 hazitoshi hata kujifunza kuifunga.

Halafu uliza hivyo 13 ni vipi. Utakuta chai ya barafu imehesabiwa, juisi ya miwa imehesabiwa, na kipande cha embe bichi na chumvi ya pilipili nacho kimehesabiwa. Idadi ya vyakula ndiyo chambo rahisi kuliko vyote vya kumnasia mgeni, na bado watu wanaimeza.

Uliza mambo manne kabla ya kulipa: mitaa ipi, vituo vingapi, tunakaa muda gani kila kituo, na je, chakula hicho ni cha usiku? Hilo la nne ndilo linalotenganisha wanaojua na wanaouza. Bún chả ya Hanoi, kitimoto cha kuchoma kwa makaa na tambi za mchele, kwa desturi ni chakula cha mchana, na wapishi wake wazuri wengi hufunga kabla ya jioni. Ukipelekwa kuila saa 2 usiku, jua umepangiwa kwa ajili ya picha. Saigon usiku ina vyake: bánh xèo, nyama iliyofungwa kwenye majani ya lá lốt na kuchomwa, bột chiên (vipande vya keki ya unga wa mchele vilivyokaangwa na yai), konokono wa kila namna, na cơm tấm, yaani wali wa chenga na nyama ya kuchoma, ambao una wateja wa asubuhi na wa usiku wa manane.

Je, ni salama? (Wasomaji wengi mno)

Swali hili linaletwa kila mara likiwa tupu hivyohivyo, kama vile anayelijibu ana hirizi. Uliza yanayojibika.

Kofia: ni lazima kisheria kwa dereva na abiria, barabara zote, tangu tarehe 15 Desemba 2007. Nyingi utakazopewa ni zile nyepesi mfano wa kifuu cha nazi. Zinaridhisha polisi kuliko zinavyolinda fuvu. Omba inayofunika masikio, na mkanda wake ukaze kiasi cha vidole viwili tu kupita chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa mkanda ni pambo.

Pombe: tangu Januari 2020 dereva wa Vietnam haruhusiwi hata tone. Kipimo kikionyesha chochote, anatozwa faini, na daraja la juu kwa pikipiki ni dong milioni 8 hadi 10. Kwa hiyo usimlazimishe dereva wako kunywa bia kwa jina la urafiki mkianza kupiga kelele za "một, hai, ba, dzô!" (moja, mbili, tatu, haya!). Akiinua glasi ya bia na kuishusha tumboni, wewe mpigie simu kiongozi wa ziara na uagize teksi. Hapo hakuna ustaarabu wa kuoneana haya.

Bima: soma kifungu cha pikipiki. Zipo bima za safari zinazokataa abiria wa pikipiki moja kwa moja, na zipo zinazolipa tu kama dereva ana leseni na wewe ulivaa kofia. Hili lisome nyumbani, usiku huohuo umeshachelewa.

Sijawahi kupanda bodaboda maishani. Nashika wapi? (Msomaji, Muscat)

Panda na ushuke upande wa kushoto. Bomba la moshi liko kulia, na shavu la mguu wa kulia ndilo linaloungua, mara nyingi wakati wa kushuka umeshashiba na umesahau. Ukiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno iache mswakini.

Kabla hujakaa, hakikisha vikanyagio vya nyuma vimefunguliwa. Shika keria iliyo nyuma yako au mabega ya dereva, kisha ukae kama gunia: usijipinde kinyume naye kwenye kona, na usiteremshe mguu mkisimama kwenye taa. Magoti yabane ndani. Pikipiki za Saigon hupishana kwa upana wa kiganja, na goti lililojitanua hugonga kioo cha jirani.

Kina mama waliozoea kukaa upande, huko vaeni suruali mkae kwa kutanua miguu. Madereva wengi wa ziara hawakubali vinginevyo, na wana haki. Ndala zibaki hotelini, vaa kiatu chenye mkanda wa kisigino. Mkoba uwe katikati yako na dereva. Simu usiinyooshe pembeni kupiga picha mkiwa kwenye mwendo, maana wezi wa kupokonya nao wana pikipiki, na wanaijua kazi yao.

Unashauri tukodishe pikipiki tuendeshe wenyewe? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Pikipiki zaidi ya cc 50 inataka leseni, na kibali cha kimataifa kinachokubaliwa ni kile cha mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani wa 1968. Cha 1949 hakifui dafu. Bila hicho, bima yako ni karatasi. Faini nazo zilipandishwa mno Januari 2025: kuvuka taa nyekundu kwa pikipiki ni dong milioni 4 hadi 6. Ongeza hapo kwamba Vietnam wanaendesha kulia. Mkenya, Mtanzania na Mganda hutazama kwanza kulia anapovuka barabara, na huko linalokuja linatoka kushoto. Hata kwa miguu, lifikirie hilo.

Mimi ni Mwislamu. Nitapata nini cha kula? (Msomaji, Tanga)

Utapata, ila usitegemee neno la pembeni ya sufuria. Nguruwe kwa lugha ya kusini ni heo, kaskazini ni lợn. Ukisema "không thịt heo", umesema huli nyama ya nguruwe. Mafuta yake hujayataja, na kwa wapishi wengi hayo si nyama. Yanajificha hapa: mỡ hành, yale mafuta ya majani ya vitunguu yanayomwagiwa juu ya vitu vya kuchoma, mchuzi wa tambi za hủ tiếu, unaochemshwa na mifupa ya nguruwe, siagi ya ini kwenye mkate wa bánh mì, na hata ile nyama ya ng'ombe ya lá lốt, ambayo wengi huichanganya na mafuta ya nguruwe ili isikauke motoni. Mgeni anasikia "ng'ombe" na kutulia. Asitulie. Wavu wa kuchomea nao ni uleule.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni neno chay, chakula cha Kibudha kisicho na nyama wala sosi ya samaki. Tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo Wavietnam wengi hula chay, na siku hizo vibanda vyake huongezeka, kwa hiyo panga ziara iangukie hapo. Ya pili ni kula kwa Waislamu wenyewe. Wapo Wacham Waislamu, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wenye misikiti yao Saigon, mmojawapo iliyokuwa Wilaya ya 8. Katikati ya jiji, mtaa wa Đông Du, upo msikiti uliojengwa 1935 na Waislamu wenye asili ya India Kusini, na karibu na soko la Bến Thành mtaa wa Nguyễn An Ninh una migahawa ya halali. Agiza ziara ya faragha, uwaambie vituo hivyo wakati wa kuweka nafasi. Ukingoja useme kwenye kibanda cha tatu, dereva hana la kufanya zaidi ya kukununulia maji.

Kuna mtaa wa konokono. Wanaliwaje bila kuaibika? (Msomaji, Zanzibar)

Ni Vĩnh Khánh, Wilaya ya 4. (Wilaya zilifutwa rasmi tarehe 1 Julai 2025, na anwani mpya zinataja kata, lakini mdomoni watu bado wanasema Wilaya ya 4, ya 5, ya 10. Ukitumiwa anwani isiyofanana na ramani yako, si lazima uwe umetapeliwa.) Mtaa huu huchangamka jioni, meza za chuma zimejaa njia ya miguu, na neno ốc, konokono, hapo limebeba vyote vyenye gamba.

Mzanzibari aanze na ốc len xào dừa, konokono wembamba wa mikokoni waliopikwa kwa tui zito la nazi. Ncha ya gamba imeshakatwa. Weka mdomo kwenye tundu pana, vuta kwa nguvu mara moja, kama unayevuta mfupa wa supu. Wasipotoka, vuta kidogo upande wa ncha kuingiza hewa, kisha rudi upande wa pana. Kelele ni halali mezani. Ốc hương, wale wenye madoa ya kahawia, hawavutwi: choma kwa uma mdogo na uzungushe kufuata mkunjo wa gamba, ukivuta moja kwa moja anakatika na nusu inabaki ndani. Kichovyo ni chumvi, pilipili manga na ndimu, unajikorogea mwenyewe.

Wasiotaka konokono, au wanaosubiri kauli ya shehe wao, waagize nghêu hấp sả, chaza wadogo wa mvuke na mchaichai. Hawana mafuta kabisa. Ninachokataza ni sò huyết, kombe wa damu, kwa namna wengi wanavyowapenda: wamechemshwa sekunde chache na bado wanachuruzika maji mekundu. Homa ya ini A husafiri humo. Waive au wapite.

Barafu na majani mabichi, tumbo litavumilia? (Msomaji, Kigali)

Barafu ya vipande vya mviringo vyenye tundu katikati hutoka kiwandani. Iliyopondwa kutoka kwenye bonge ni ya kuwekewa samaki, isiwe glasini mwako. Majani mabichi ndiyo hatari ya kweli, kwa kuwa hatari iko kwenye maji yaliyoyaosha. Mwenye tumbo jepesi ayatumbukize kwenye mchuzi unaochemka. Juisi ya miwa, inayokamuliwa pamoja na zile ndimu ndogo za rangi ya chungwa, inywe ikikamuliwa mbele yako.

Wanachanganya nyama ya mbwa? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Huuzwa kwenye maduka yenye kibao chake, na si nyama ya bei rahisi hata mtu akufichie.

Tunakwenda Septemba. Mvua? (Msomaji, Mombasa)

Itanyesha. Msimu wa kusini ni Mei hadi Novemba, na mvua yake hupenda alasiri na jioni: nzito, fupi. Ziara haiahirishwi, unapewa koti la plastiki. Pindo lake likalie chini ya mapaja, lisipepee karibu na gurudumu la nyuma. Oktoba na Novemba kuna pia maji kujaa, na mitaa ya chini hufurika hata bila wingu. Kampuni makini hubadili njia siku hizo; uliza kama wana njia ya pili.

Bei, bakshishi, viza? (Msomaji, Toronto)

Ziara ya kundi ni kati ya dola 30 na 70, chakula ndani. Noti ya dong 20,000 na ya 500,000 zote ni za buluu, na usiku chini ya balbu ya kibandani zinafanana. Zitenge mifuko miwili. Kibandani huachi bakshishi. Ya dereva mpe mkononi mwake mwenyewe, si kupitia kwa kiongozi. Viza ni ya mtandaoni, dola 25 kuingia mara moja, hadi siku 90, na safu hii haitaijibu tena.

Mtoto wangu wa miaka 5 anaweza kukaa katikati? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sheria yao inaruhusu mtoto chini ya miaka 12 kuwa abiria wa pili. Mimi siruhusu. Mshikaki, yaani abiria wawili nyuma ya dereva mmoja, ni mshikaki hata ukipakiwa Vietnam, na mtoto wa umri huo ameshasinzia saa 2. Zipo ziara za miguu.

Lile yai la bata lenye kifaranga ni lazima? (Msomaji, Bujumbura)

Si lazima, na kiongozi anayekushurutisha anatafuta video. Ukiamua: yai hukaa kwenye kikombe kidogo, ncha butu juu. Gonga kwa kijiko, fungua tundu, kunywa mchuzi wake kwanza. Kisha chumvi, pilipili manga, tone la ndimu, na kila kijiko kiende na majani ya rau răm, yenye ukali unaokata shombo. Lile donge jeupe gumu la chini liache, halitafuniki.