Maswali ya Wasomaji: Leseni za Silaha za Ujerumani

SWALI: Nimenunua bahasha yenye hati mbili za Kijerumani: Waffenerwerbschein ya 1937 na Waffenschein ya 1941. Muuzaji anasema ni leseni ileile, ila ya pili ni toleo jipya. Ni kweli?

JIBU: Si kweli. Waffenerwerbschein iliruhusu kupata silaha. Waffenschein iliruhusu kutembea nayo. Mwenye ile ya kwanza peke yake aliweza kuweka bastola nyumbani, lakini kuibeba barabarani lilikuwa kosa. Zote mbili zilitokana na sheria ya 12 Aprili 1928, iliyoanza kutumika 1 Oktoba mwaka huo. Kabla yake, tangu 1919, raia walikuwa wametakiwa kusalimisha bunduki zao.

Kati ya hati zako mbili sheria ilibadilika. Ile ya 18 Machi 1938 iliondoa hati ya kununua kwa bunduki ndefu na kuibakiza kwa bastola na revolva tu. Umri wa chini wa kununua ulishuka kutoka miaka 20 hadi 18, na muda wa leseni ya kubeba ukapanda kutoka mwaka mmoja hadi mitatu. Kwa hiyo tafuta tarehe ya kuisha kwenye hati ya 1941: tutegemee 1944. Wawindaji wenye kadi ya mwaka, Jahresjagdschein, hawakuhitaji hati ya kununua, basi usishangae kukuta bastola ya mwindaji isiyo na karatasi hiyo.

Anayesema sheria ya 1938 ililegeza masharti akaishia hapo, amesema nusu. Tangazo la 11 Novemba 1938, siku chache tu baada ya masinagogi kuchomwa moto, liliwakataza Wayahudi kuwa na silaha ya aina yoyote, hata za kudungia na za kupigia. Ofisi iliyogonga muhuri hati yako ya 1941 ilikuwa imeshaamua nani anaaminika na nani haaminiki. Liandike hilo kwenye kadi ya maelezo unapoionyesha.

SWALI: Ninauziwa Waffenschein ya 1942 kutoka Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, yenye picha ya mmiliki. Nianzie wapi kuikagua?

JIBU: Anzia kwenye jina la ofisi. Hadi mwisho wa 1938 ofisi ya wilaya Bavaria iliitwa Bezirksamt. Kuanzia 1 Januari 1939 wilaya ikawa Landkreis, na mkuu wake Landrat. Fomu ya zamani ambayo karani amelikata jina kwa kalamu haitutishi. Muhuri wenye jina lililofutwa miaka mitatu nyuma ndio unaotia shaka, na mghushi anayenakili hati za zamani hunaswa hapo.

Kisha nenda kwenye kona ya picha, ukiwa na lenzi ya kukuza mara kumi. Duara la muhuri litoke kwenye picha liingie kwenye karatasi bila kukatika. Juu ya picha inayong'aa wino huwa hafifu. Kwenye karatasi huzama kati ya nyuzi. Ukiona vitone vidogo vya rangi mbalimbali, hiyo ni printa. Pini ya chuma iliyoshikilia picha miaka yote hiyo huacha kutu, na doa la kutu lionekane kwenye picha na kwenye karatasi iliyo nyuma yake, mahali palepale. Jozi ya pili ya matundu ina maana picha imebadilishwa.

Zima taa, umulike kwa mwanga wa urujuanimno (UV). Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe ina king'arishi, kemikali ya kuifanya karatasi ionekane nyeupe zaidi, kilichoenea baada ya vita: irudishe. Isipowaka bado hujashinda, maana waghushi hukata kurasa tupu za vitabu vya zamani. Sahihi ya bolpeni ni kosa la moja kwa moja.

SWALI: Nizihifadhije? Na naweza kuzitangaza mtandaoni?

JIBU: Tumia mifuko ya poliesta, si ya plastiki ya PVC, ambayo huchafua karatasi na kuvuta wino. Unyevu uwe asilimia 35 hadi 50. Usilaminishe, usitumie selotepu, na pini yenye kutu iache mahali pake, kwani ni ushahidi. Kuhusu matangazo: Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, isipokuwa kwa makusudi kama elimu na utafiti. Funika swastika, msalaba uliopinda wa Wanazi, iliyo kwenye muhuri katika picha ya tangazo, kamwe si kwenye hati yenyewe.