Slovenia kwa basi na treni: panga kurudi kabla ya kwenda

Swali la wiki liliuliza hivi: mtu anayesafiri mwenyewe kwa mara ya kwanza, bila kampuni ya utalii, katika nchi moja ndogo ya Ulaya, apange nini kwanza? Jibu langu ni kwamba apange atarudije kabla hajapanga atakwendaje. Nitatumia Slovenia kama mfano, kwa sababu ni nchi inayompokea mgeni vizuri na wakati huohuo humpotosha kwa udogo wake.

Eneo lake ni kilomita za mraba 20,271, yaani ni ndogo kuliko Rwanda, na watu wake ni milioni mbili na kidogo. Mtu akiona kwenye ramani kwamba Ljubljana, mji mkuu, uko katikati, na kila pembe ya nchi iko mwendo wa saa mbili au tatu, huweka chumba Ljubljana kwa siku zote na kujiambia atakuwa anakwenda na kurudi. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Reli na mabasi yametawanyika kutoka Ljubljana kama vijiti vya mwavuli: kutoka katikati kwenda nje usafiri ni mwingi, lakini kutoka kijiti kimoja kwenda kingine ni mchache, na jioni huisha mapema. Kilomita 80 zenye basi la mwisho la alasiri ni mbali kuliko kilomita 150 zenye treni ya usiku.

Nianze na karatasi, kwa kuwa wasomaji wengi wenye pasipoti za Afrika Mashariki watahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Mtu mzima hulipa yuro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini yanaweza kufika 45, kwa hiyo miezi miwili na nusu kabla ni wakati mzuri. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibakize miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000, ikubalike nchi zote za Schengen, na itaje siku zote za safari, ya kuondoka ikiwemo. Viza huombwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Slovenia haina ubalozi kila mahali, na penye pengo nchi nyingine ya Schengen hupokea maombi kwa niaba yake. Tovuti ya wizara yake ya mambo ya nje hutaja ni nani anayeiwakilisha katika nchi yako. Anayeishi Ujerumani au Uholanzi kwa kibali cha ukaaji haihitaji viza hii, ila anayeishi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya au Tanzania anaihitaji.

Kinachoangusha maombi mengi ni karatasi kugombana zenyewe kwa zenyewe. Barua ya likizo inasema siku 10, ratiba ya ndege inasema 12, na vyumba vilivyowekwa vinafunika usiku saba tu. Panga karatasi zote mezani, uandike pembeni tarehe ya kila moja, na zisipolingana rekebisha kabla ya kuziwasilisha. Tiketi ya ndege iwe ya kuweka nafasi tu. Usiilipie kabla ya viza kutoka.

Uwanja wa Ljubljana uko Brnik, kama kilomita 25 kaskazini mwa mji, na ndege zake si nyingi. Kutoka Dar es Salaam au Nairobi njia iliyonyooka ni ya kupitia Istanbul. Tiketi ya Venice (Italia) au Zagreb (Kroatia) inaweza kuwa nafuu. Kroatia imo Schengen tangu Januari 2023, kwa hiyo viza ni ileile, na Zagreb hadi Ljubljana ni kama saa mbili na nusu kwa basi. Lakini usiweke pasipoti kwenye begi la chini ya basi: tangu Oktoba 2023 Slovenia imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wa Kroatia, na Italia imefanya vivyo hivyo kwenye mpaka wa Slovenia. Ukifika Brnik, basi la umma huchukua kama dakika 45, na Jumamosi na Jumapili hupungua sana. Ndege ikitua usiku, weka mapema nafasi kwenye gari dogo la abiria linalopeleka watu mjini.

Sasa saa, jambo ambalo Mswahili anapaswa kulishika kuliko mgeni mwingine yeyote. Ratiba zote zimeandikwa kwa saa 24, na 13:20 ni saa saba na dakika ishirini mchana. Ukiihesabu kichwani kwa haraka utakosea saa nzima bila kujua. Halafu Waslovenia wenyewe husema *pol osmih*, maana yake neno kwa neno ni "nusu ya nane", na wanamaanisha 7:30, si 8:30. Ni saa moja na nusu yetu. Ukiambiwa saa kwa mdomo, mwombe mtu aiandike. Majira ya joto wako nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili.

Jifunze pia maneno machache ya ratiba, kwa sababu hayo ndiyo yatakayokurudisha. *Odhod* ni kuondoka, *prihod* ni kufika, *peron* ni jukwaa, *tir* ni njia ya reli. *Delavnik* ni siku ya kazi, *nedelja* ni Jumapili, *praznik* ni sikukuu. Ukiona *šolski pouk*, basi hilo hutembea siku za masomo tu, na Julai na Agosti halipo. *Nadomestni prevoz* ni usafiri wa mbadala: reli inafanyiwa kazi, na badala ya treni litakuja basi, ambalo mara nyingi husimama nje ya kituo, si kwenye jukwaa. Reli za Slovenia zimekuwa kwenye matengenezo makubwa, kwa hiyo angalia tovuti ya Slovenske železnice, shirika la reli, siku moja kabla ya kusafiri, hata kama uliangalia mwezi uliopita.

Kwa siku tisa, ningegawa usiku hivi: Ljubljana mbili, eneo la maziwa ya Bled na Bohinj tatu, pwani ya Piran mbili, kisha Ljubljana tena moja.

Ljubljana yenyewe inatembeleka kwa miguu; katikati ya mji wa zamani magari hayaingii. Baiskeli za umma, BicikeLJ, hukodishwa kwa kujisajili kwenye intaneti, na saa ya kwanza ya kila safari ni bure. Basi la mjini halipokei pesa taslimu; nunua kadi ya Urbana. Kazi za msanifu Jože Plečnik, pamoja na Tromostovje, yaani madaraja matatu yaliyo bega kwa bega, ziliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021, na nyingi unaziona bure ukipita njiani. Kwa Waislamu, msikiti wa Ljubljana ulifunguliwa mwaka 2020, kaskazini mwa kituo kikuu.

Kwenda Bled, panda basi na uache treni. Treni ya moja kwa moja hushusha Lesce-Bled, kilomita nne kutoka ziwani. Kituo kingine, Bled Jezero, kiko karibu na ziwa lakini kwa reli nyingine inayopitia Jesenice, na wageni huvichanganya hivi viwili kila siku. Basi kutoka kituo kikuu cha Ljubljana huingia mjini kabisa kwa saa moja na robo hivi. Kuzunguka ziwa ni kilomita sita. Korongo la Vintgar liko kilomita nne kutoka mjini, hufungwa majira ya baridi, na hutembelewa kwa mwelekeo mmoja tu, kwa hiyo mahali unapotokea si pale ulipoingilia: angalia njia ya kurudi kabla ya kulipa.

Lakini mahali pa kulala, kwa maoni yangu, ni Bohinj. Bled ni nzuri na imejaa watu. Bohinj ni ziwa kubwa zaidi, limo ndani ya hifadhi ya taifa ya Triglav, na usiku lina utulivu. Basi kutoka Bled hadi Ribčev Laz, kijiji kilicho ukingoni mwa ziwa, ni kama dakika 40. Maporomoko ya Savica, yenye urefu wa mita 78, yanafikiwa kwa ngazi zaidi ya 500. Kilele cha Triglav, mita 2,864, kiache. Kina kamba za chuma na vyuma vya kushikilia, kinahitaji kofia ngumu na kiongozi, na mvua ya radi ya alasiri hushuka bila hodi. Namba ya dharura ni 112.

Kutoka hapo usirudi Ljubljana. Hii ndiyo sehemu ya safari ninayoipenda kuliko zote: reli ya Bohinj, iliyofunguliwa mwaka 1906. Kituo ni Bohinjska Bistrica, kilomita sita kutoka ziwani. Treni huingia mara moja kwenye handaki la zaidi ya kilomita sita, hutokea Podbrdo upande wa pili wa mlima, hufuata mto Soča wenye maji ya rangi ya feruzi, na kabla ya Nova Gorica huvuka daraja la Solkan, ambalo tao lake la mawe la mita 85 ndilo kubwa zaidi duniani kwa madaraja ya reli. Ukiwa ndani ya treni hulioni. Ukitaka kuliona shuka Nova Gorica utembee kurudi Solkan. Mbele ya kituo cha Nova Gorica uwanja umekatwa na mpaka: mguu mmoja Slovenia, mwingine Italia. Treni za kuelekea Sežana na Divača ni chache, na wikendi ni chache zaidi. Panga siku hii iangukie Jumanne hadi Alhamisi, la sivyo utakwama.

Divača ndipo unaposhuka kwa mapango ya Škocjan, umbali wa kilomita tatu hivi kwa njia ya miguu. Wengi huenda mapango ya Postojna, ambako treni ndogo hukubeba sehemu kubwa ya njia, na kwa wenye watoto au magoti mabovu ndiko kunakofaa. Ila Škocjan utavuka daraja kama mita 45 juu ya mto unaonguruma gizani. Ndani ni nyuzi 12, kwa hiyo beba sweta hata Agosti, na picha haziruhusiwi. Watu huingia kwa saa maalumu pamoja na kiongozi; oanisha saa hiyo na treni yako ya kwenda Koper. Reli huishia Koper, na Piran hufikiwa kwa basi.

Mengine kwa ufupi. Plagi za Kenya na Tanzania haziingii huko. Nunua adapta ya pini mbili za duara. Maji ya bomba yanafaa kunywa. Kodi ya utalii hulipwa kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoona ulipoweka chumba. Mashine ya ATM ikikuuliza kama ikukate kwa shilingi, kataa, chagua yuro. Maduka mengi hufungwa Jumapili kwa sheria, basi nunua chakula Jumamosi. Mchana wa siku za kazi tafuta kibao cha *malica*, mlo kamili wa bei nafuu. Na ukiona *ajdovi žganci*, agiza: ni unga wa ngano nyeusi (buckwheat) uliopikwa kisha ukavunjwavunjwa kwa uma, na mlaji wa ugali hatapata shida kuuelewa.

Usiku wa mwisho lala Ljubljana, usilale Piran. Kuanzia vuli upepo wa *burja* hupiga bonde la Vipava na upande wa pwani hadi magari marefu kwenda juu huzuiwa barabarani, na basi la asubuhi la Jumapili kutoka pwani likichelewa, hakuna jingine la karibu. Ndege ikiwa Jumapili, piga picha ratiba ya basi la Brnik siku unayofika, safu ya *nedelja*, na uhesabu kuanzia hapo kurudi nyuma.