Unapanga kwenda kuishi nje? Anza na karatasi zisizochacha

Vijana wengi wa Dodoma wakishaamua kwenda nje hukimbilia kutafuta chuo au wakala. Cheti cha kuzaliwa wanakikumbuka siku ambayo chuo kimeshajibu na tarehe ya mwisho imebaki wiki tatu. Karatasi za safari zina tabia ya chakula: zipo zinazokaa kama mtama ghalani, na zipo zinazochacha kama mlenda wa jana. Anza na zile zinazokaa, na uanze angalau mwaka mmoja kabla.

Zinazokaa ni cheti cha kuzaliwa kutoka RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na pasi ya kusafiria. Pasi ya kawaida inadumu miaka 10 na ada yake ni shilingi 150,000. Maombi unayajaza kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha unakwenda ofisini kutoa alama za vidole. Utatakiwa uonyeshe namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha mzazi, na uthibitisho wa safari kama barua ya chuo au mkataba wa kazi.

Kwenye cheti cha mzazi ndipo wengi wanapokwama. Mzazi aliyezaliwa nyumbani huko Bahi au Mpwapwa miaka ya 1960, kwa mkono wa mkunga wa kijiji, mara nyingi hana cheti. Kiapo cha kuzaliwa kinaweza kuziba pengo hilo, lakini jina lililomo lifanane herufi kwa herufi na jina la mzazi lililoandikwa kwenye cheti chako.

Hapa tunakuomba utulie. Chukua karatasi zako zote uzitandaze mezani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita, cha chuo, NIDA. Soma jina moja moja kwa sauti. Cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, mwalimu wa shule ya msingi aliandika John, NIDA wameweka majina mawili na kuacha la babu. Nyumbani hakuna anayeshangaa, maana sote tunajua ni mtu yuleyule. Ofisa wa viza hakujui, yeye anaona watu watatu. Jina lililo kwenye cheti cha NECTA, yaani Baraza la Mitihani linalotoa vyeti vya kidato cha nne na cha sita, ndilo gumu zaidi kuligusa, kwa hiyo kwa kawaida ni rahisi kuyavuta mengine yalifuate hilo. Wakili atakuandalia hati ya kubadili jina, isajiliwe, kisha urekebishe NIDA, na pasi iwe ya mwisho. Ukitanguliza pasi utalipia pasi mbili. Tazama na tarehe ya kuzaliwa pia, hasa kama uliandikishwa shule kwa umri wa kukadiria.

Sasa zile zinazochacha. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS yanahesabika kwa miaka 2. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 lazima apime kifua kikuu kwenye kliniki ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), Dar es Salaam, na cheti chake kinadumu miezi 6 tu. Ukiwahi kupima kwa kiherehere, utarudia na kulipa tena. Balozi nyingi nazo ziko Dar, kwa hiyo kusanya miadi yako iangukie safari moja. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, ukienda asubuhi unaweza kurudi jioni.

Karatasi inayochacha haraka kuliko zote ni taarifa ya benki. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka fedha ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja chini ya kiwango, na siku ya mwisho ya hizo 28 isizidi siku 31 kabla ya kuomba. Akaunti iwe yako au ya mzazi. Ya mjomba haikubaliki, hata kama ndiye aliyekulea, labda awe mlezi wako kisheria. Ukitumia ya mzazi, cheti cha kuzaliwa ndicho kinachothibitisha uhusiano, na tumerudi palepale kwenye majina. Ujerumani wao humtaka mwanafunzi aweke euro 11,904 kwenye akaunti maalumu, halafu anachukua euro 992 kila mwezi akishafika. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30.

Usiazime salio la kuonyesha. Fedha nyingi ikiingia kwa mkupuo bila maelezo, ofisa atauliza imetoka wapi. Mzee akiuza ng'ombe mnadani Msalato au kiwanja Nala, tunza risiti na hati ya mauzo, na fedha ipelekwe benki siku hizohizo.

Kwa wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi, ulizeni TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, kama wakala ana leseni, na msiondoke bila mkataba mliousoma, wenye mshahara na jina la mwajiri. Wakala anayekupa viza ya matembezi na kusema "utabadilisha ukifika" anakupeleka mahali ambapo sheria haitakutambua kama mfanyakazi. Dada zetu wengi wameumia kwa sentensi hiyo moja. Mkatalie, hata kama ameshalipa nauli.

Kabla ya kuondoka, wajulishe HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kama ulisoma kwa mkopo, kwa sababu deni linaendelea hata ukiwa nje. Mwachie mtu unayemwamini nakala za karatasi zote pamoja na hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, ili aweze kufuatilia cheti au kiwanja chako. Ukiisahau, itabidi uitengeneze kupitia ubalozi wa Tanzania huko uliko, na ubalozi unaweza kuwa mji mwingine kabisa.