Jibu: Kameza Panadol nyingi, lakini leo yuko sawa

Dada yangu, umeuliza kama mdogo wako aliyemeza Panadol nyingi jana usiku bado ana haja ya hospitali, maadamu leo kaamka na kala. Mpeleke sasa hivi. Kuwa sawa siku ya kwanza ndiko kunakotudanganya. Parasetamoli, ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, haimlazi mtu hapo hapo. Ini lina akiba yake ya kuizima sumu inayotokana nayo, na akiba ikiisha linaanza kufa kimyakimya. Macho ya manjano huja baada ya siku mbili tatu.

Kuna dawa yake, asetilisisteini. Hutiwa kwa dripu, kwa kawaida kwa muda wa kama saa 21, na hulirudishia ini ile akiba. Inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza, lakini hata akichelewa inasaidia, kwa hiyo msikate tamaa. Damu itapimwa, kuona hali ya ini na kama damu inaganda sawasawa. Mkaa wa dawa, ule unaonyweshwa kunasa sumu tumboni, ni kwa aliyefika mapema, saa ya kwanza hivi.

Msimtapishe, na maziwa na madafu hayatoi sumu. Chukueni maganda ya vidonge. Nikiwa zamu huku Pemba, mama mmoja alikuja nayo kayafunga kwenye ncha ya kanga. Tuliyahesabu mezani, yakatufaa kuliko maelezo yote. Semeni na saa aliyomeza.

Kama alikusudia, mwambieni daktari bila ya haya. Na asiachwe peke yake njiani, hata chooni.