Grinda si mashine ya polishi
Yakhe uliyeuliza kama unaweza kufunga sponji kwenye grinda ya chuma upige polishi Vitz yako nyeusi, usithubutu. Grinda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika na nyingi hazipunguzwi spidi, mashine ya polishi ya kuzunguka inafanya kazi baina ya 600 na 3,000 hivi, sasa piga hesabu mwenyewe, rangi itashika moto na ukija kushtuka praima, ile rangi ya chini, ishatokeza. Tafuta mashine ya polishi ile inayozunguka huku inatikisika, haipandishi joto haraka, hata anaejifunza anaiweza.

Lakini kabla ya yote gari ioshwe ikoshwe kweli, hasa kama inalala Paje au Nungwi huko ufukweni, maana mchanga na chumvi vinaganda na ukipitisha sponji juu yake hapo unapiga msasa sio polishi. Kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, anza na laini, matone manne matano tu, jaribu kipande kidogo cha boneti, kivulini, bati likiwa baridi, na mashine isikae pahala pamoja. Kwenye kingo bandika tepu ya karatasi, huko ndo klia, lile tabaka la juu la kung'arisha lisilo na rangi, inapoliwa mwanzo. Klia yenyewe gari nyingi ni maikroni 40 mpaka 50 tu, unywele mnene kuliko hiyo, na kila ukipiga inapungua, ndo maana wale wanaopiga mashine kila mwezi mimi siwafahamu kabisa.

Na mkwaruzo ukipitisha ukucha ukakwama achana nao, huo wa fundi rangi.