Analia getini wiki ya tatu: nilivyogundua wangu alikuwa akililia nini

Mama, umeuliza kama umhamishe shule huyo mwanao wa miaka minne kwa sababu PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) imeingia wiki ya tatu na bado analia getini. Usimhamishe kwanza.

Wangu alizaliwa wa miezi saba. Tulipotoka hospitali tukarudi hapa Migosi, Kisumu, niliapa hakuna kitakachomgusa. Kucheza na watoto wa ploti, hapana, vumbi. Viatu nilimvalisha, ugali nilimmegea, samaki ngege nilimtolea miiba (hiyo sijutii, miiba ya ngege haina huruma). Akijikwaa, nilikuwa nimeshamwinua kabla hajaamua kulia.

Januari ilipofika akaning'ang'ania sketi getini. Nami badala ya kuondoka nikawa nachungulia dirishani. Akiniona, anaanza upya. Niliamini ananililia mimi. Hadi mwalimu aliponivuta kando: "Mama, huyu anajua kujifungua suruali?" Hakujua. Alikuwa akibana mkojo asubuhi nzima. Mkebe wa chakula nao ulimshinda kufungua, na kuomba msaada aliona haya. Kumbe kilio chote kile kilikuwa cha choo na mkebe!

Tukanunua suruali za lastiki. Dani yake, yaani nyanya yake, alikuja kutoka Ahero akaniamuru nikunje mikono. Jamani, kumtazama mtoto akivaa viatu kinyumenyume huku boda inapiga honi! Ilibidi nitoke nje. Uji ulimwagika sana wiki hiyo.

Getini nilianza kuaga mara moja: "Nitakuja ukimaliza kula," halafu nageuka. Usimtoroke akiwa anacheza. Nilifanya hivyo siku moja, kesho yake akanigandama kama kupe. Mtaalamu Mary Ainsworth, aliyefuatilia akina mama na watoto wao vijijini karibu na Kampala miaka ya 1950, aliona kwamba mtoto huthubutu kusogea mbali akiwa na hakika mama yupo. Ukimtoroka, hakika hiyo umeivunja wewe mwenyewe.

Ila akitaja kuchapwa, hilo ni jambo lingine kabisa. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, nenda ukaulize bila woga.

Wangu alinyamaza mwishoni mwa Februari. Wako leo jioni mpe mkebe wake ukiwa umefungwa, umpeleke mpaka mlango wa choo, ukae kando. Kisha rudi hapa utuambie alikwama wapi.