Maswali ya Wasomaji: Washirika wa Kununuliwa

SWALI: Nimesoma kwamba Edward wa Tatu wa Uingereza alipoanza vita na Ufaransa mwaka 1337 alinunua washirika. Alinunuaje, na kwa nini mpango ulikwama? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Alinunua kwa sufu. Miji ya Flanders (leo Ubelgiji, enzi hizo chini ya mfalme wa Ufaransa), yaani Ghent, Bruges na Ypres, iliishi kwa kufuma, na sufu bora ilitoka Uingereza. Mwaka 1336 Edward akaizuia isivuke bahari. Wafumaji wakakosa kazi. Mwaka uliofuata akapanga kukusanya magunia 30,000, kila gunia likikaribia kilo 165, ili mauzo yawalipe watawala wa Brabant, Hainault, Gelderland na Jülich, nchi ndogo za Dola Takatifu la Kirumi jirani na Ufaransa. Brabant pekee iliahidiwa pauni 60,000. Mwaka 1338, huko Koblenz, Kaisari wa dola hilo, Ludwig wa Bavaria, akamfanya Edward makamu wake, ili watawala hao wawajibike kumtii kisheria.

Kosa lilikuwa kuahidi kabla ya kupata. Yalifika Dordrecht, bandari ya Uholanzi, magunia kama 10,000 tu. Edward akayachukua, wafanyabiashara wenye sufu wakaachiwa hati za deni. Baada ya hapo nani angempelekea mengine? Oktoba 1339 majeshi ya Edward na ya Ufaransa yalikabiliana karibu na La Capelle, kaskazini mwa Ufaransa, washirika wakiwa hawajalipwa na chakula kikipungua. Wakarudi makwao bila vita. Hata shemeji yake, Guillaume wa Hainault, alifuatana naye katika ardhi ya Kaisari, lakini walipovuka mpaka wa Ufaransa akahamia kwa mjomba wake, Mfalme Philippe wa Sita. Ndivyo utii wa enzi ile ulivyokuwa: ulifuata ardhi, haukufuata mtu.

Kilichofanya kazi kweli, kwa maoni yetu, ni hila ya kisheria. Watu wa Flanders walikuwa wamejifunga kumlipa Papa florini milioni 2 iwapo wangemwasi mfalme wa Ufaransa. Basi tarehe 26 Januari 1340, mjini Ghent, Edward akajitangaza kuwa yeye ndiye mfalme wa Ufaransa. Kumfuata hakukuwa uasi tena. Angalia ngao yake ya tangu hapo: imegawanywa robo nne, na mayungiyungi ya Ufaransa yamepewa robo ya kwanza, mbele ya simba wa Uingereza.

Deni halikufutika kwa ngao. Edward na washirika wake walizingira Tournai, mji uliokuwa wa mfalme wa Ufaransa, tangu Julai hadi Septemba 1340, fedha hazikufika, wakasitisha vita. Novemba Edward aliondoka Ghent kwa siri akiwakwepa wadai, na jamaa yake, Henry wa Grosmont, akabaki rehani.